Savage 99: kwa nini bunduki bora ya wenzo iliacha kutengenezwa

Mkereza_Vyuma (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mazungumzo ya bunduki za kuwindia yanapofika kwenye bunduki za wenzo, yaani zile zinazopakia risasi kwa kushusha na kupandisha mkono wa chuma uliozunguka kifyatulio, watu hutaja Winchester 94 na kuishia hapo. Uzi huu ni kwa ajili ya Savage 99, bunduki iliyotengenezwa Marekani kwa takriban miaka 100, ikapita idadi ya milioni 1, kisha ikaachwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Hoja yangu ni moja na niko tayari kuitetea: bunduki hii haikuachwa kwa kuwa imepitwa na wakati. Iliachwa kwa sababu ilikuwa ghali mno kuitengeneza, na kila hatua iliyochukuliwa kuipunguzia gharama iliiondolea kile kile kilichowafanya watu waipende.

Kazi yangu ni kukereza vyuma, nami naishi Utica, jimbo la New York. Siku hizi mji huu una wazungumzaji wa Kiswahili wasio wachache, wengi wakiwa wametoka Kongo au wamepitia kambi za wakimbizi za Kenya na Tanzania, lakini ni wachache kati yetu wanaojua kwamba bunduki hii ilizaliwa hapa hapa, katika kiwanda ambacho wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kilitengeneza bunduki za rashasha za Lewis, na katika vita ya pili kikatoa bunduki ndogo za rashasha za Thompson kwa mamia ya maelfu.

Mbunifu wake, Arthur Savage, alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1857. Alisoma Uingereza, akaishi Australia miaka kadhaa akifuga, akarudi Jamaika kusimamia shamba la kahawa, na hatimaye akatua Utica, ambako alisimamia reli ya mjini. Meneja huyo wa reli ndiye aliyepeleka bunduki ya wenzo katika majaribio ya kutafuta silaha mpya ya jeshi la Marekani mwaka 1892. Jeshi likaichagua Krag-Jørgensen ya Norwei. Savage akabaki na mchoro wake, akaunda kampuni mwaka 1894 na kuwageukia wawindaji. Bunduki za kwanza, za mwaka 1895, zilitengenezwa na kiwanda cha Marlin kwa niaba yake. Mwaka 1899 ikatoka ile iliyoboreshwa, ambayo jina lake baadaye lilifupishwa kuwa 99 tu. Yeye mwenyewe aliondoka kwenye kampuni mwanzoni mwa karne ya 20, akahamia California na kujishughulisha na matairi ya magari, jambo linaloonyesha kuwa hakuwa mtu wa kukaa na wazo moja hadi lichakae.

Sasa tuingie kwenye mashine yenyewe, kwani sifa zake zote ziko humo.

Bunduki nyingi za wenzo za wakati ule ziliweka risasi ndani ya bomba refu chini ya mtutu, zikiwa zimepangwa mstari mmoja, kichwa cha risasi moja kikigusa kitako cha iliyo mbele yake. Kwenye kitako hicho ndipo inapokaa fataki inayowasha baruti. Kwa hiyo mtengenezaji hakuthubutu kuweka kichwa chenye ncha kali humo, kwa sababu mtikisiko wa bunduki inapofyatuka ungeweza kuifanya ncha igonge fataki na kulipua risasi ndani ya bomba. Ilibidi vichwa viwe butu, na kichwa butu husukumana na hewa vibaya, hupoteza kasi haraka, na kikifika mbali kinakuwa kimeshuka sana.

Savage aliliondoa bomba. Mahali pake, ndani ya kasha la mitambo, mbele ya kifyatulio, aliweka spuli yenye mifereji ambayo huzungushwa na springi. Kila risasi hulala kwenye mfereji wake, ncha ikitazama mbele bila kugusa kitu chochote. Kwa mpango huo mmoja, bunduki ya wenzo ikaweza kubeba risasi zenye ncha kali kama bunduki yoyote ya bolti, yaani ile inayopakiwa kwa kuvuta na kusukuma kwa mkono kipande cha chuma kilicho nyuma ya mtutu. Faida ya pili haitajwi sana: uzito wa risasi upo katikati ya mikono miwili ya mwindaji, wala haupungui kutoka upande wa mbele kadiri anavyofyatua, kama inavyotokea kwenye bomba.

Nakala za zamani zina kidirisha kidogo ubavuni upande wa kushoto. Ukifungua wenzo na kusukuma risasi ya kwanza kwa kidole gumba kupitia tundu la kutokea maganda, spuli inageuka hatua moja, na ndani ya kidirisha namba iliyochorwa kwenye shaba inabadilika. Unasukuma ya pili, inageuka tena, hadi 5. Hakuna haja ya kutoa kitu wala kuhesabu kichwani, kwani bunduki yenyewe inakuambia imebakiza ngapi, na ukiwa na glavu katika baridi ya milima ya Adirondack huku New York utashukuru kwamba kuna mtu alilifikiria jambo hilo zaidi ya karne moja iliyopita. Nyuma yake, kwenye nakala nyingi, kuna kipini chembamba kinachochomoza bunduki ikiwa tayari kufyatuka, ambacho unaweza kukipapasa gizani bila kuangalia.

Nyundo ya nje haipo. Kila kitu kimefichwa ndani, sehemu ya juu ya kasha imefungwa, na ganda tupu la risasi hutokea ubavuni upande wa kulia. Wenzo ukipanda, bolti huinuka nyuma na kujikaza dhidi ya ukuta mzito wa kasha, na hapo ndipo inapopata nguvu ya kustahimili shinikizo ambalo wenzake wa bomba hawakulistahimili.

Kwa sababu ya nguvu hiyo, Savage 99 ilipata risasi zake maalumu. Ilianza na .303 Savage, ya kawaida kwa zama zake (namba ya nukta ni kaliba, yaani kipenyo kwa inchi, kwa makadirio). Mwaka 1912 ikaja .22 Hi-Power, iliyobuniwa na Charles Newton, risasi ndogo ya kasi ambayo mmisionari mmoja wa Kimarekani kule Fujian, China, Harry Caldwell, aliitumia kuwindia chui-milia, na kampuni haikuchelewa kuitangaza habari hiyo, ingawa mimi nisingemshauri mtu amfuate. Mwaka 1915 Newton huyo huyo akaleta .250-3000. Namba ya pili ni kasi: futi 3,000 kwa sekunde, ya kwanza kufikiwa na risasi ya kuuzwa madukani Marekani. Newton alitaka kichwa chenye uzito wa greni 100 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), lakini kampuni ikachagua cha greni 87 kwa sababu hicho ndicho kilichoweza kufika 3,000, na 3,000 ni namba nzuri ya kuuzia. Biashara haikuanza kuendesha ufundi leo. Mwaka 1920 ikafuata .300 Savage, iliyokusudiwa kuikaribia .30-06 ya jeshi ndani ya ganda fupi zaidi, na miaka ya 1940 jeshi lilipotafuta risasi mpya fupi lilianza majaribio na ganda hilo hilo, majaribio yaliyozaa kile tunachokiita leo .308 Winchester. Wanaosema kuwa 99 ni bunduki ya kizamani wafikirie kwamba mojawapo ya risasi zinazotumika sana duniani kwa kuwindia wanyama wa wastani ina ukoo na bunduki hii.

Mwaka 1960 nakala ya milioni 1 ilitolewa zawadi kwa Chama cha Kitaifa cha Bunduki cha Marekani. Kiwanda kilikuwa kimeshahama Utica baada ya vita kwenda Chicopee Falls, Massachusetts, kisha kikaenda Westfield. Na hapo ndipo upunguzaji unapoanza. Mwaka 1958 kampuni ilikuwa imeleta Model 110, bunduki ya bolti iliyobuniwa na Nicholas Brewer, ambayo bolti yake imekusanywa kutokana na vipande rahisi na mtutu wake unafungwa kwa nati. Fundi yeyote akiziweka hizo mbili kwenye meza moja anaona mara moja ipi italisha kiwanda. Katikati ya miaka ya 1960 ikatoka 99C yenye magazini (kisanduku cha risasi) ya kuchomoa badala ya spuli. Michoro ya kushikia kwenye mbao, iliyokuwa ikichongwa kwa mkono, ikaanza kugandamizwa kwa mashine ya moto. Katika miaka ya 1980 spuli ikaondoka kabisa. Mwaka 1988 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na uongozi mpya ukaiokoa kwa kukata karibu kila kitu na kubaki na 110. Baadaye 99 ilirudi kidogo, ikiwa na magazini ya kuchomoa, kisha ikakoma.

Naomba michango, hasa kutoka kwa wasiokubaliana nami.

Mzee_wa_Gobori

Mleta uzi, nimesoma hadi mwisho na umeandika vizuri, lakini umeipita Winchester 94 kama unayepita msiba wa jirani bila kubisha hodi. Nimeitumia bunduki hiyo miaka mingi katika misitu ya Maine, na ninaweza kueleza kwa nini imetengenezwa kwa idadi inayozidi milioni 7 wakati yako iliishia milioni moja na ushei.

Kwanza ni wembamba wake. Ukiishika mbele kidogo ya kifyatulio, kiganja kinazunguka kasha lote na bunduki inaning'inia sawa bila kuelemea upande wowote, na mwindaji anayetembea kutwa nzima anabeba bunduki saa nyingi kuliko anavyolenga. Kasha la 99 ni pana kwa sababu lina spuli ndani yake, na mkono unalihisi. Pili ni nyundo. Unaiona. Mtoto unayemfundisha kuwinda anaiona, na wewe uliye nyuma yake unaiona, kwamba imelala au imeinuka. Kipini chako cha kupapasa ni kizuri kwa anayejua kipo. Tatu, hiyo kasi ya futi 3,000 unaihitaji wapi? Katika msitu mnene kulungu anafyatuliwa akiwa umbali ambao hata .30-30, risasi ya kawaida ya Winchester 94, yenye kichwa butu haijapata muda wa kupungua.

Sikatai kwamba 99 ni kazi ya akili kubwa. Ninachosema ni kwamba wawindaji wengi hawakuwa na tatizo ambalo Savage alilitatua.

Mkereza_Vyuma

Mzee wangu, shikamoo. Hoja ya upana wa kasha ninaikubali moja kwa moja, nayo ya msituni pia. Kwa mtu asiyefyatua zaidi ya mita 80, spuli ni anasa.

Ila kuna kitu kimoja ambacho Winchester 94 yako inanisaidia kukithibitisha. Nenda sokoni leo utafute Winchester 94 ya zamani, utakuta muuzaji ameandika kwa fahari kwamba ilitengenezwa kabla ya 1964. Kwa nini 1964? Ni mwaka ambao Winchester, ikikabiliwa na gharama hizo hizo za ukerezaji na mishahara ya mafundi, ilibadilisha namna ya kutengeneza. Vipande vilivyokuwa vikichongwa kutoka chuma kizima vikabadilishwa na vya bati lililopondwa na vya unga wa chuma uliogandamizwa. Bunduki iliendelea kufyatua vizuri tu, lakini wateja walilitambua jambo hilo kwa vidole vyao, na hadi leo bei hazijasahau. Kiwanda cha New Haven kilifungwa mwaka 2006. Kwa hiyo hata mshindi wa idadi alikumbwa na ugonjwa ule ule, tofauti ni kwamba 94 ina vipande rahisi zaidi, na ikaweza kupunguziwa bila kupoteza umbo lake. Ukiiondolea 99 spuli, unabaki na bunduki ya wenzo yenye magazini ya kuchomoa, na hiyo unaweza kuipata kwa mtengenezaji mwingine.

Na tukiwa kwenye suala la juu ya kasha: 94 ilirusha maganda juu, moja kwa moja mahali ambapo darubini ingekaa, hadi ilipobadilishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 yakawa yanatoka kwa pembeni. Darubini zilipoenea baada ya vita, 99 ilikuwa imeshakuwa tayari nusu karne kabla ya mteja.

Msomaji_wa_Mombasa

Wakuu, mimi si mwindaji, na huku kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo ninazungumza kama mpenzi wa historia tu. Ninashangaa mmefika hapa bila kuitaja bunduki ya wenzo ambayo kweli ilipita bandarini kwetu.

Mwezi Aprili 1909 Theodore Roosevelt, rais wa Marekani aliyekuwa ametoka tu madarakani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit kwa safari iliyofanywa kwa niaba ya Taasisi ya Smithsonian, wakapanda gari moshi la Reli ya Uganda kuelekea nyanda za Kapiti. Miongoni mwa bunduki alizobeba ilikuwamo Winchester ya 1895 ya kaliba .405, ambayo aliisifia hasa kwa simba, akiiita dawa yake ya simba. Bunduki hiyo haikuwa na bomba. Ilikuwa na magazini ya sanduku iliyochomoza mbele ya wenzo, risasi zikiwa zimepandana moja juu ya nyingine, na kwa hiyo nayo ilibeba vichwa vyenye ncha. Safari iliishia Khartoum Machi 1910, baba na mwana wakiwa wameua wanyama 512 kati yao. Idadi hiyo inanisumbua kila ninapoisoma, hata nikikumbuka kwamba mingi ya mifupa na ngozi ilikwenda makumbusho, na hata nikikumbuka kuwa wapagazi waliobeba mzigo huo wote, wakiwamo watu wa pwani, hawakupata hata robo ya sifa.

Swali langu kwa mleta uzi ni hili: kama John Browning, mbunifu wa Winchester hiyo, alilitatua tatizo la ncha mwaka 1895 kwa sanduku rahisi, spuli ya Savage ilikuwa na haja gani?

Mkereza_Vyuma

Ndugu yangu wa Mombasa, ahsante kwa swali zuri, na kuhusu wapagazi nakuunga mkono.

Ni kweli kwamba Winchester 1895 ilifika mahali pale pale kwa njia nyingine, na .405 yake, iliyotoka 1904 ikirusha kichwa cha greni 300 kwa takriban futi 2,200 kwa sekunde, ilikuwa na nguvu ambayo 99 haikuwahi kuifikia. Urusi iliagiza karibu 300,000 kati ya 1915 na 1917 zikiwa za risasi yake ya 7.62, na hizo ni zaidi ya nusu ya zote zilizowahi kutengenezwa. Lakini uishike. Lile sanduku limekaa mahali pale ambapo mkono wa mwindaji ungetaka kushika wakati wa kutembea, juu ya kasha kumeachwa wazi kwa mvua na majani, na ukishusha wenzo, chini kunafunguka mlango mrefu wa vyuma vinavyoning'inia. Kwenye 99, ukishusha wenzo unaona wenzo tu, basi. Uzalishaji wa kwanza wa 1895 ulikoma kufikia mwaka 1940, na 99 ikaendelea kwa zaidi ya nusu karne baada ya hapo. Kwa hiyo haja ya spuli ilikuwa kufanya jambo lile lile bila kuliacha litoke nje ya mwili wa bunduki. Kama gharama ya spuli ilistahili, hapo ndipo tunapoweza kubishana.

Bi_Nuru

Habari zenu kaka zangu. Mimi ni mhandisi wa viwanda, sina bunduki na sitarajii kuwa nayo, ila mjadala wa gharama umenivuta. Kaka Mkereza_Vyuma anasema bunduki hii iliuawa na gharama za kuchonga chuma. Lakini leo tuna mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta. Kipande kilichochukua mashine nane na mafundi wanane mwaka 1930 kinaweza kuwekwa kwenye mashine moja jioni na kuokotwa asubuhi. Na tunajua kwamba kiwanda cha Miroku cha Japani kinatengeneza upya Winchester 1894 na hiyo 1895 ya Roosevelt, na zinauzwa. Kwa nini 99 isirudi hivyo hivyo?

Mkereza_Vyuma

Dada Nuru, hilo ndilo swali ninalolisikia mara nyingi, na nitalijibu kutoka kazini.

Mashine ya kompyuta imeshusha gharama ya kukata, hilo halina ubishi. Haijashusha kwa kiasi hicho hicho gharama ya kulinganisha. Kasha la 99 linachongwa kutoka kipande kimoja cha chuma, na ndani yake kuna shimo la mviringo la spuli, njia ya bolti, na ule ukuta wa nyuma ambao bolti hujikaza nao. Bolti ikigusa ukuta huo kwa namna isiyo sawa, au nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi ikizidi hata unene wa karatasi, bunduki haifai kutoka kiwandani. Zamani fundi alikuwa na bolti mkononi, tupa ndogo, na rangi ya kuonyesha mahali chuma kinapogusana. Anapaka, anafunga, anafungua, anaangalia rangi imefutika wapi, anapitisha tupa, anarudia. Leo unaweza kukata kwa usahihi utakaopunguza kazi hiyo, lakini usahihi huo nao unalipiwa, kwa muda wa mashine, kwa visu na kwa vipimo. Spuli yenyewe ina mifereji iliyopinda inayotegemea umbo la ganda, maana yake ukibadilisha risasi unaweza kulazimika kubadilisha spuli na njia yake ya kulishia. Bunduki ya bolti ukibadilisha mtutu umekaribia kumaliza.

Halafu kuna jambo ambalo wahandisi mnalijua kuliko mimi: kiwanda hakiulizi kama kitu kinawezekana, kinauliza mashine hiyo hiyo kwa saa hizo hizo ingetengeneza nini kingine. Saa moja ya Savage leo inaweza kutoa bunduki za ukoo wa 110 ambazo kijana wa kawaida anamudu kuzinunua. Miroku inatengeneza za Winchester kwa sababu jina Winchester na picha za filamu za makaubói zinabeba bei. Savage 99 haikuwa bunduki ya filamu. Ilikuwa ya mkulima wa kaskazini aliyetaka nyama kabla ya theluji.

Kwa maoni yangu, wakiirudisha bila spuli, afadhali waache. Wakiirudisha na spuli, sitashangaa bei ikiwa mara tatu ya bunduki nzuri ya bolti, na nitakuwa miongoni mwa watakaolalamika huku wakiuliza kama inawezekana kulipa kwa awamu.

Bi_Nuru

Nimekuelewa, kaka. Hoja ya spuli kutegemea ganda ndiyo iliyonitosha. Hiyo si gharama ya kukata, ni gharama ya kutoweza kutumia kipande kimoja kwa bidhaa nyingi, na hakuna kompyuta inayoifuta.

Kijana_wa_Minnesota

Shikamooni wakubwa. Nimemaliza kozi ya usalama ya wawindaji, nina leseni, na katika duka moja la vitu vilivyotumika nimeona Savage 99 ambayo muuzaji anadai ni ya miaka ya 1920, yenye maandishi ya .303 kwenye mtutu. Anasema risasi za .303 zimejaa kila mahali. Bei yake si mbaya. Niangalie nini kabla ya kutoa pesa?

Mkereza_Vyuma

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuanza na kozi.

Anza na hilo la risasi, kwa sababu huyo muuzaji amekupa maelezo ya hatari, kwa kujua au kwa kutojua. .303 Savage na .303 ya Uingereza ni vitu viwili tofauti kabisa. Hiyo ya Uingereza ndiyo iliyokuwa kwenye bunduki za Lee-Enfield walizobeba askari wa KAR, jeshi la wakoloni Waingereza huko kwetu, na ndiyo iliyojaa kila mahali. Ganda lake na la Savage havilingani, na hupaswi kujaribu kuingiza moja kwenye chemba ya nyingine, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi. .303 Savage halisi viwanda vikubwa vimeacha kuitengeneza kwa kawaida, na wenye bunduki hizo wengi hujaza maganda wao wenyewe. Kama hujawahi kujaza risasi na huna mtu wa kukufundisha, tafuta 99 ya .300 Savage, ambayo bado hutoka kiwandani, au ya .308 ya miaka ya baadaye, na utapunguza nusu ya matatizo yako.

Ukisharidhika na kaliba, hakikisha kwanza haina risasi, kwa macho na kwa kidole, kisha geukia mbao. Nyuma ya ule ulimi wa chuma unaoingia kwenye kitako, mahali panaposhikwa na kiganja, tafuta ufa mwembamba unaofuata nyuzi za mti. Huo ndio ugonjwa wa ukoo wa bunduki hizi. Kitako kinasukumwa nyuma na kila risasi, na skrubu ikilegea kwa miaka, ulimi unafanya kazi ya kabari. Shika kitako kwa mkono mmoja na kasha kwa mwingine, jaribu kupinda kidogo. Ufa ukifunguka na kufumba, punguza bei au ondoka.

Shusha na kupandisha wenzo polepole mara kadhaa. Unapaswa kwenda bila kukwaruza, na mwishoni ujifunge kwa uthabiti, usicheze ukiwa umefungwa. Kizuizi cha usalama kwenye nakala za miaka hiyo kiko kando ya wenzo, nyuma ya kifyatulio. Kiweke, kisha hakikisha kwamba wenzo umefungika na kifyatulio hakiendi. Zile za kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 zinacho juu, chini ya kidole gumba, na mimi ninazipendelea kwa hilo. Kama ni ile ya kutenganishika, ambayo mtutu wake hutoka kwa kuzungushwa, angalia kama mtutu unatikisika mahali unapoungana na kasha. Tazama pia kama kuna matundu ya skrubu yaliyotobolewa baadaye kwa ajili ya darubini. Kwa mwindaji hayana ubaya, ila yanashusha thamani kwa mkusanyaji, na hapo ndipo unapopata nafasi ya kupatana bei.

Mzee_wa_Gobori

Naongezea, kijana: ukikutana na ya .22 Hi-Power na ukaipenda, ujue kipenyo cha kichwa chake ni inchi 0.228, si 0.224 iliyozoeleka kwa hizo ndogo. Vichwa vyake havipatikani kila duka.

Kijana_wa_Minnesota

Nashukuru sana wakubwa. Kuna video nimeona zinaonyesha namna ya kuifungua yote na kuisafisha. Nikiinunua, nianze na hilo?

Mkereza_Vyuma

Hapana. Mtutu safisha, chemba safisha, futa bolti wenzo ukiwa wazi, weka mafuta kidogo, inatosha. Springi ya spuli imewekewa mkazo wake kwa kuzungushwa kiwandani. Ukiitoa bila kujua imezungushwa kiasi gani, utairudisha ikiwa legevu na risasi za mwisho hazitapanda, au ikiwa kali mno na hutaweza kusukuma ya tano. Pia skrubu za miaka ya 1920 zina mifereji myembamba, na bisibisi ya kawaida ya dukani itaziharibu vichwa kabla hazijalegea. Kama imejaa grisi iliyoganda, na nyingi ziko hivyo kwa sababu wazee waliziogopa kuzifungua kwa sababu hiyo hiyo, mpelekee fundi wa bunduki aliyewahi kufungua 99, na umuulize swali hilo kabla hujamwachia.